Shahidi wa Rugu Aliyezaliwa Bila Kusikia

Vijana waliochukua nafasi yangu barazani walikuja kunijulia hali juzi, na kabla uji haujapoa mmoja wao akaniuliza, "Mzee Saidi, mtu akisema uongo mbele ya baraza, nawe unajua kuwa ni uongo, unautafsirije?" Nikamjibu kwamba unautafsiri vizuri, kama alivyousema, maana uongo ni mali ya mwenyewe na mkalimani haruhusiwi kuupunguza. Niliona usoni mwake kwamba hakuridhika. Basi nimekaa niandike kidogo yale niliyoyaona katika kazi hii tangu enzi za Wajerumani hadi vita vilipowaondoa. Mshahara wangu sitautaja. Mke wangu aliutaja vya kutosha.

Baba yangu alikuja Karagwe na msafara wa nguo na shanga kutoka pwani, akafungua duka, akaoa, akasahau kurudi kwao. Mama yangu alikuwa Mnyambo wa Rugera. Nilikua na ndimi mbili: Kiswahili cha dukani kwa baba na Kinyambo cha jikoni kwa mama. Wajerumani walipoanza kupita huku wakisikiliza mashauri pamoja na wazee wa Mkama, mtawala wetu, walikuwa wanakijua Kiswahili, lakini wananchi hawakukijua. Hapo ndipo tulipopata riziki sisi watu wa katikati.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Feruzi, mtu wa pwani mwenye ndevu nyeupe, mwalimu wa chuo cha Kurani ambaye alikuwa mkalimani wa kwanza katika baraza letu. Siku yangu ya kwanza nilivaa kanzu safi na kujiandaa kuzungumza. Mzee Feruzi akanikalisha nyuma yake akaniambia, "Wewe kwanza jifunze kunyamaza kwa lugha mbili." Nikanyamaza msimu mzima wa mvua. Nilikuwa nikisikia neno la Kinyambo, nalitafsiri moyoni, kisha nasikia yeye alivyolitafsiri, na kila mara lake lilikuwa fupi kuliko langu.

Alikuwa na sheria chache. Shahidi akisema "mimi", nawe sema "mimi". Usiseme "anasema kwamba yeye". Akilia, usilie. Akitukana, tukana. Kuna siku mama mmoja kutoka Kimuli alimwita bwana wa boma mwizi wa ng'ombe, mbele ya askari wake wote. Tukashusha macho. Mzee Feruzi akageuka, akamwambia yule Mjerumani kwa sauti ileile anayoagizia chai, "Wewe ni mwizi wa ng'ombe." Bwana akamkodolea macho. Mzee akaongeza, "Hayo ni ya mama huyu, Bwana. Yangu sijaanza." Na kweli, ng'ombe wa mama yule walirudishwa.

Njiani kurudi nyumbani tulizoea kuzungumza habari za watu tuliowasikia siku hiyo: huyu kaiba, yule kamdhulumu yatima, mwingine karudisha mbuzi asiyedaiwa na mtu. Mzee Feruzi alikuwa na msimamo mmoja. Mtu, alisema, huzaliwa hajui haki wala dhuluma. Anajua ziwa la mama yake tu. Mengine yote hufundishwa, kwa maneno na kwa fimbo. Nilipomkumbusha kwamba dini yetu inasema mtoto huzaliwa na maumbile safi, alinijibu, "Hata sufuria ambayo haijapikiwa ni safi. Haina maana kwamba ina chakula."

Mama yangu hakukubali. Sikukuu ya Idi Mzee Feruzi alipokuja kula kwetu, mama alimsubiri ashibe kisha akamwambia kwa Kinyambo, "Waitu," ndilo neno letu la heshima, "mtoto wangu huyu kabla hajajua kusema alimnyang'anya mwenzake ndizi. Mwenzake alipolia, huyu akamrudishia nusu. Nani alimfundisha?"

"Alikuogopa wewe, mama Saidi."

"Mimi nilikuwa kisimani. Nilihadithiwa na jirani."

Mzee Feruzi akanawa mikono polepole sana. Ubishi wao uliendelea miaka mingi, na mimi sikujua nisimame upande gani, mpaka lilipokuja shauri la Rugu.

Pale Rugu walikuwapo majirani wawili, Kagaruki na Bushoke. Vibanja vyao, yaani mashamba yao ya migomba, vilipakana, na mpaka huo walikuwa wameugombea tangu baba zao. Mchana mmoja, ng'ombe wakiwa malishoni, zizi la Kagaruki lilishika moto. Lilikuwa zizi lenye paa la nyasi kavu, likateketea kabla watu hawajafika na maji. Ndani alikutwa mchungaji wake, amekufa. Alikuwa na homa siku hiyo, akajilaza humo kwenye nyasi, ng'ombe akawaachia wachungaji wenzake.

Kagaruki alimshtaki Bushoke. Na ushahidi ulikuwapo: watu wawili wasio na hila walimwona Bushoke mchana uleule akipita karibu na zizi, mkononi ana kigae chenye makaa. Bushoke alisema alikwenda kuazima moto kwa jirani kwa sababu wa kwake ulizimika, jambo ambalo kila mtu hulifanya. Lakini mtu alikuwa amekufa, na watu wa Rugu walitaka jibu. Bushoke akaletwa barazani amefungwa kamba mikononi. Wakati ule kosa kama hilo lilimpeleka mtu kwenye kamba nyingine, ya shingoni.

Mzee Feruzi alikuwa ameshaanza kuzeeka macho na masikio, hivyo kazi ilikuwa yangu, naye alikaa pembeni kunisikiliza. Kagaruki alisimama, mtu mrefu, msemaji mzuri, mwenye kovu juu ya nyusi. Alieleza shauri lake kwa mpangilio, nami nikalitafsiri kwa mpangilio. Mwishoni akanyoosha mkono akamwelekezea Bushoke kidole. "Ndiye huyu."

Hapo akatoka mwanamke katikati ya watu. Aliitwa Kokugonza, mdogo wake Kagaruki, bubu aliyezaliwa hasikii. Hakuwa na mume wala mtoto. Aliishi kwa kaka yake na kula katika chungu cha kaka yake, na hakuna mtu mwingine aliyejisumbua kujua alama zake. Hakuwahi kusikia hadithi ya jioni, wala methali, wala adhana, wala maonyo ya mama yake. Maneno ya baraza yalimpita kama upepo. Lakini kidole na kamba aliviona.

Alikwenda hadi kwa Bushoke, akaigusa ile kamba. Kisha akamrudia kaka yake, akaushika ule mkono ulionyooshwa, akakikunja kidole hadi kikamgusa Kagaruki mwenyewe kifuani.

Watu wengine walicheka. Kagaruki naye alicheka, lakini alichelewa kidogo. "Huyu ni mjinga tangu kuzaliwa," akasema. "Anadhani tunacheza. Kama Bwana anataka kujua anachosema, mimi ndiye ninayemwelewa. Nitamtafsiria."

Bwana wa boma akanigeukia. "Mwanamke huyu amesema nini?"

Nataka vijana mjue nilivyosimama pale. Askari walikuwa wamechoka, jua lilikuwa kali, wazee walitaka kwenda kula, na bwana yule hakupenda kusubirishwa. Ningeweza kusema, "Anasema ni kaka yake," na pengine ningekuwa sawa. Ningeweza kumwachia Kagaruki kazi yangu.

"Bwana," nikasema, "sijui amesema nini. Lugha yake siijui. Lakini ni lugha, na anayejitolea kuitafsiri ndiye anayeelekezewa kidole. Nipe muda mpaka utakaporudi kutoka Kyerwa, nijifunze."

"Ujifunze lugha ya bubu?"

"Ndiyo, Bwana. Kama nilivyojifunza yako ya kuamrisha."

Sijui hayo ya mwisho yalinitokaje. Alinitazama, kisha masharubu yake yakacheza kidogo. Akaagiza Bushoke awekwe chini ya ulinzi, Kagaruki asitoke kwake, na Kokugonza akae nyumbani kwa mkuu wa kijiji. Mzee Feruzi hakunisifu, ila tulipoondoka alinibebea mkeka wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala baada.

Nilimchukua mama yangu twende naye, kwa kuwa haikufaa mimi mwanamume kukaa siku nzima na mwanamke wa watu. Mama hakuuliza maswali. Alikaa karibu na Kokugonza, akachukua kisu, wakaanza kumenya ndizi. Nilijifunza kwa kuangalia mikono yao. Ng'ombe ilikuwa mikono miwili kichwani. Maji, kiganja kilichotikiswa. Kaka yake alikuwa kidole juu ya nyusi, mahali pa kovu. Bushoke alikuwa mtu anayechechemea kidogo, ndivyo alivyotembea. Kulala ilikuwa shavu juu ya kiganja. Nilipokosea, Kokugonza alicheka bila sauti na kunirekebisha vidole, mwalimu mwenye subira kuliko wote niliopata.

Nilikuwa na hofu moja: kumtia maneno mikononi. Mtu anayetegemea huruma ya wengine hujifunza kuitikia kila kitu. Kwa hiyo nilipoanza kumwuliza habari za moto nilianza kwa uongo. Nikajenga zizi dogo kwa majani makavu ya mgomba, nikaonyesha Bushoke analichoma. Akanipiga kibao cha mkono na kutikisa kichwa. Nikaonyesha mkuu wa kijiji analichoma. Akacheka. Nikaonyesha yeye mwenyewe analichoma. Akashangaa, akamtazama mama yangu kana kwamba anauliza kama mwanawe ni mzima. Kisha akaweka kidole juu ya nyusi, akachukua jani kana kwamba linawaka, akalipeleka kwenye zizi langu.

Akaendelea. Alionyesha mtu amelala ndani; yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea uji asubuhi. Moto ulipowaka alimkimbilia kaka yake, akamwonyesha shavu juu ya kiganja. Kaka yake akamshika mkono asikaribie moto. Aliirudia ishara hiyo ya kushikwa mkono mara nyingi, akijishika mwenyewe kwa nguvu hadi ngozi ikageuka rangi.

Lilibaki swali moja, na nilitamani nisilazimike kuliuliza. Je, anajua kitakachompata kaka yake? Nikachukua kamba ya mgomba, nikajifunga mikono, nikaweka vidole vyangu juu ya nyusi. Kisha nikaonyesha njia, mbali, na chungu kitupu, na yeye peke yake.

Kokugonza aliweka kisu chini. Aliitazama kamba muda mrefu, machozi yakamtoka asiyafute. Akanifungua mikono, nikadhani amekataa, na sitaficha kwamba nilipumua. Lakini aliikunja kamba ile vizuri, akaiweka mapajani mwake, akagusa nyusi yake, akaitikia kwa kichwa.

"Mwache sasa," mama akaniambia. "Ameshasema, na limemuuma."

Bwana wa boma aliporudi, uwanja ulijaa watu hadi kwenye migomba. Nilimwambia mbele ya wote, "Nitatafsiri alama ninazozijua. Nisiyoijua nitasema siijui, na asinilazimishe mtu." Akakubali. Kokugonza akasimama katikati. Nilitafsiri ishara kwa ishara, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, na mara mbili nilisema, "Hii siijui," nikaiacha ipite. Kagaruki alikuwa akisema kila mara, "Anabuni, mkalimani anabuni," na baadhi ya wazee walianza kuitikia. Hakuna mwingine pale aliyeijua lugha ile ila mimi na Kagaruki mwenyewe.

Kokugonza alipofika kwenye habari ya mchungaji, aliniacha. Alimgeukia kaka yake, akamsogelea, akaweka shavu juu ya kiganja. Kisha akaushika mkono wake mwenyewe kwa nguvu, akauvuta nyuma. Kisha tena shavu juu ya kiganja. Alikuwa akimtazama machoni tu, bila hasira.

"Sikujua kuwa yumo," Kagaruki akasema.

Alisema kwa Kinyambo, akimwambia yeye, mtu asiyesikia. "Nilidhani unaniambia ndama," akaendelea, sauti imeshuka. "Nilidhani unataka kuokoa ndama aliyelala. Nilitaka Bushoke afukuzwe kwenye kibanja. Sikutaka mtu afe. Ningejua ningeingia mwenyewe."

Bwana alikuwa ananisubiri. Nikatafsiri yote, na habari ya ndama, kama nilivyofundishwa: "Sikujua kuwa yumo. Nilitaka Bushoke afukuzwe. Sikutaka mtu afe." Nilisema "mimi" ya Kagaruki, na neno hilo halikuwa jepesi kama miaka yote.

Bushoke alifunguliwa palepale. Hakushangilia, alikaa chini akajisugua mikono. Wazee na ndugu wa marehemu walikubaliana Kagaruki alipe ng'ombe, na kwa kuwa hakukusudia kuua, wakaomba asinyongwe. Bwana akampeleka Bukoba kifungoni, kazi ya barabara. Kabla hajaondoka bwana aliniuliza ninataka nini kwa kazi ile. Nikamwambia kwamba kuanzia siku hiyo, shahidi bubu yeyote akija barazani, asifukuzwe kabla hajatafutiwa anayeelewa alama zake. Ikawa desturi yetu, nanyi mmeikuta. Watu wana makaburi ya zege ya kujivunia. Mimi nina desturi hiyo, na inanitosha.

Njiani kurudi nilimwambia Mzee Feruzi, "Sasa unasemaje? Nani alimfundisha Kokugonza?"

Akajibu, "Hana masikio, lakini macho anayo. Ameona watu wakigawana chakula. Ameona mtu akilia na mwingine akimfuta machozi. Huko ni kufundishwa."

"Na Kagaruki? Aliyaona hayohayo, na maneno juu yake."

"Kagaruki alikuwa na masikio," akasema. "Mlango unaoingiza mafundisho ndio unaoingiza visingizio. Kila mtu mwenye masikio anafundishwa vyote viwili." Kisha akaongeza: "Mwambie mama yako nimempa nusu ya ndizi."

Nilimpelekea mama ujumbe huo neno kwa neno. Akasema nusu inatosha kwa mtu wa pwani. Mzee Feruzi alifariki mvua zilizofuata, na mama yangu, aliyebishana naye miaka yote, ndiye aliyelia kuliko wanafunzi wake wa chuo.

Niliendelea na kazi. Nilitafsiri mashauri ya talaka, ya fahali, ya mapapai yaliyoangukia kwa jirani. Karibu na kuanza kwa vita nilipita Rugu kwa shauri jingine, nikasikia kwamba Kagaruki amerudi. Nikaenda kumsalimu. Alikuwa amekonda, nywele zimeota mvi, kovu lake ndilo pekee ambalo halikubadilika. Kibanja chake kilikuwa kimepaliliwa vizuri, mikungu imetegemezwa kwa miti. Kokugonza alikuwa amekitunza peke yake miaka yote, na Bushoke, aliyekuwa na kila nafasi ya kusogeza mpaka, hakuusogeza.

Tulikaa nje, akaniletea rubisi, nikamkumbusha kuwa mimi ni Mwislamu, akaniletea maziwa. Kokugonza alikuwa anaanika maharage upande wa pili wa uwanja.

"Mkalimani," akasema, "kule barabarani nilipata muda wa kufikiri. Mimi nilifundishwa kila kitu. Baba alinisemesha, wazee walinisemesha, nilijua methali kuliko wenzangu wote. Huyu hakufundishwa neno. Na siku ile ya moto, kabla sijawasha, nilitazama nyuma kuona kama kuna mtu. Kwa nini nilitazama? Kwa sababu nilijua kuwa ni dhuluma. Yeye alijua na mimi nilijua. Kujua hakukututofautisha."

Mzee Feruzi na mama wangesikia hayo, wangebishana upya kila mmoja akidai ameshinda.

"Nina ombi," akasema. "Tangu nimerudi ananipikia, ananitandikia, tunazungumza habari za ng'ombe na maji. Lakini kuna neno ambalo hatukuwahi kuwa na alama yake, tangu utoto wetu. Mwambie anisamehe."

Nikatafuta akilini mwangu alama zote nilizojifunza kwenye maganda ya ndizi. "Alama hiyo sina," nikamwambia. "Hakunipa."

"Basi nifanyeje?"

"Sijui, Kagaruki. Mimi hutafsiri maneno yaliyokwisha kusemwa."

Kisha akanyanyuka, akauvuka uwanja, na mbele ya mdogo wake, mwanamke, akapiga magoti. Huku kwetu mwanamke ndiye humpigia mwanamume magoti anapomsalimu, na kaka hampigii mdogo wake hata siku moja. Kokugonza aligeuka kwanza kuona kama kuna mzee amefika nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Akamtazama kaka yake, mikono imejaa maharage. Akayaacha yamwagike, naye akapiga magoti, wakawa wanatazamana hivyo juu ya mkeka, mtu na ndugu yake, paji la uso la mmoja kwenye paji la mwenzake.

Nikamaliza maziwa yangu, nikachukua fimbo, nikaondoka bila kuaga. Hapakuwa na kazi ya mkalimani pale.